Mtoto wa Nyoka Mezani Kwangu

Jumapili iliyopita nilirudi nyumbani kutoka kazini nikakuta meza yangu ya chakula imetekwa na vijana watano. Mezani palikuwa na karatasi, penseli, chupa mbili kubwa za soda na dadu za ajabu ajabu, moja ikiwa na nyuso 20. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo kikuu hapa Dar es Salaam, alikuwa ameketi kichwani mwa meza kama hakimu. Wenzake, akiwamo binti yangu wa kidato cha tatu, walikuwa wakibishana kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani.

Nikauliza kulikoni.

"Afadhali umekuja, baba mdogo," akasema yule mtoto wa kaka. "Tuamulie. Tumeteka zimwi. Limeweka silaha chini, na mgongoni limebeba mtoto wake. Huyu bwana anasema tuliue pamoja na mtoto, kwa sababu kitabu kimeandika kwamba mazimwi ya aina hii ni maovu. Binti yako hataki."

"Mimi ni askari wa haki, baba," akadakia binti. "Nikimuua aliyesalimu amri, huo uaskari wa haki unabaki wapi?"

Yule kijana mwingine hakukubali. Alisema maneno ambayo mimi na wewe tumeyasikia tangu utotoni: "Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Nilicheka, nikavua viatu, nikaomba nipewe muda wa kufikiri. Lakini kesi ile haikunitoka kichwani. Nilimwazima kijana vitabu vyake, na wiki nzima nimekuwa nikiifuatilia historia ya mchezo huo. Nimegundua kwamba ubishi wa mezani kwangu haukuanza Jumapili. Una umri wa nusu karne, na watu wazima wenye akili zao timamu wameupigia kelele kuliko vijana wangu.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Kwa lugha yetu tungeweza kuuita Mahandaki na Majoka. Hauna ubao wa lazima kama bao au drafti, wala hauna mshindi. Mmoja huwa msimamizi, naye husimulia: mko mbele ya pango, ndani mnasikia kishindo, mnafanya nini? Kila mchezaji ana mhusika wake, awe askari, mchawi, mwizi au kasisi, na husema mhusika huyo anatenda nini. Pale ambapo matokeo hayana uhakika, dadu huamua. Ni hadithi ya kusimuliana, ila kila msikilizaji yumo ndani ya hadithi na hajui itaishaje.

Sasa, kila mhusika ana karatasi yake, na katika karatasi hiyo kuna mahali pa kuandika yeye ni mtu wa namna gani kimaadili. Neno la Kiingereza wanalolitumia ni lile lile ambalo sisi tulilizoea katika taarifa za habari za siasa, enzi zile za nchi zisizofungamana na upande wowote. Yaani mhusika anaulizwa: wewe umefungamana na upande gani? Shika neno hilo "upande", msomaji wangu, maana ndimo kisa chote kilimo.

Tuanze mwanzo. Mchezo huu una babu yake katika michezo ya vita. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilianza kuwafundisha maofisa wake kwa mchezo wa vipande vidogo juu ya ramani, wakitumia dadu kukadiria hasara. Desturi hiyo ikaenea kwa raia. Kufikia miaka ya 1960, Wamarekani wengi walikuwa wakikutana mwisho wa juma kupiganisha majeshi ya vinyago juu ya meza.

Mmoja wao alikuwa Gary Gygax, mzaliwa wa Chicago mwaka 1938, aliyekuwa na kazi katika kampuni ya bima. Mwaka 1970 kazi hiyo ilimponyoka, akawa akishona viatu nyumbani kwake katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, huku akiandika kanuni za michezo. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Jeff Perren walitoa kitabu cha kanuni za vita vya zama za kati, kiitwacho Chainmail. Mwishoni walitia nyongeza kwa wale waliopenda kuweka majoka na wachawi katika vita vyao.

Hapo ndipo upande ulipozaliwa. Ukiwa na meza iliyojaa viumbe vya hadithi, lazima ujue nani anapigana chini ya bendera gani. Basi Gygax na mwenzake wakavigawa viumbe katika safu tatu: Utaratibu, Vurugu, na wasio na upande. Wazo lenyewe walilikuta vitabuni. Mwandishi Poul Anderson, katika riwaya yake iliyotoka kama kitabu mwaka 1961, alieleza ulimwengu ambamo nguvu za Utaratibu na za Vurugu zinapigana. Mwingereza Michael Moorcock naye, kuanzia mwaka huo huo, aliandika hadithi zenye mgawanyo kama huo.

Angalia vizuri, hakuna maadili hapo. Ni sare ya jeshi. Ukiuliza kama orki, zimwi lile la mezani kwangu, ni mwema au mwovu, hujauliza swali la mchezo ule. Mchezo ule ulikuwa ukiuliza asimame upande gani wa meza.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya mtu wa pili, Dave Arneson, kijana wa jimbo la Minnesota aliyesoma historia chuo kikuu. Yeye na wenzake, tangu mwaka 1971, walikuwa wakicheza kwa namna mpya: badala ya mchezaji kuamrisha jeshi zima, aliongoza mtu mmoja tu, akamtunza kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, akamwona akikua, akitajirika au akifa. Gygax alipouona mchezo huo hakulala. Wawili hao wakaandika kanuni pamoja, na mwaka 1974 kampuni changa ya TSR ikatoa Dungeons & Dragons, kisanduku chenye vijitabu vitatu kwa bei ya dola 10. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu, nazo zilipangwa kwa mikono.

Ndani ya vijitabu hivyo safu zile tatu zilikuwamo bado. Binadamu waliandikwa katika safu zote tatu, kwamba mtu anaweza kuwa wa upande wowote. Lakini sasa kulikuwa na kasoro ambayo haikuwapo zamani. Askari wa kinyago katika jeshi la vinyago 200 hahitaji dhamiri, anahitaji sare tu. Mtu mmoja mwenye jina, mwenye rafiki na mwenye deni, huyo sare haimtoshi. Siku wachezaji walipoacha kuongoza majeshi wakaanza kuongoza watu, upande ukageuka kuwa tabia, na ubishi ukaanza.

Mwezi Februari 1976, Gygax aliandika makala katika jarida la kampuni yake kujaribu kuutuliza ubishi huo. Alisema watu wanachanganya mambo mawili. Utaratibu si sawa na wema, wala vurugu si sawa na uovu. Akachora mistari miwili inayokatana: mmoja kutoka utaratibu hadi vurugu, mwingine kutoka wema hadi uovu. Mwaka 1978, katika kitabu cha wachezaji cha toleo kubwa zaidi la mchezo, mistari hiyo ilizaa vyumba 9, na vyumba hivyo vikawa maarufu kuliko mchezo wenyewe.

Ndugu msomaji, nilipovisoma vyumba hivyo nilijikuta nikiwatafutia wapangaji hapa hapa mjini. Askari wa barabarani asiyepokea kitu kidogo, na akikuandikia faini hukuelekeza kwa upole pa kulipia, ni mtu wa utaratibu na mwema. Karani anayemwambia mjamzito arudi kesho kwa sababu fomu haina muhuri hana ubaya wala wema, yeye ni wa utaratibu basi. Sungura wa hadithi za bibi zetu, anayedanganya kila mnyama na bado tunamshangilia, huyo ni wa vurugu, na wema wake hutegemea siku. Na yule tajiri anayemnyang'anya mjane kiwanja kwa hati halali, wakili halali na hukumu halali? Gygax alikuwa na chumba chake: mwovu wa utaratibu. Kwa maoni yangu, hicho ndicho chumba chenye mafunzo makubwa kuliko vyote. Kinamwambia kijana wa miaka 15 kwamba sheria na haki si pacha, na kwamba mtu anaweza kufuata kila kanuni huku akila nyama ya mwenzake.

Lakini kanuni za miaka ile zilikuwa kali. Kitabu cha msimamizi cha mwaka 1979 kilimtaka afuatilie matendo ya kila mhusika. Mtu aliyeandika kwamba ni mwema, kisha akaishi kama mnyang'anyi, alihamishiwa chumba kingine na kupoteza daraja moja la ujuzi alioutafuta kwa miezi mingi ya kucheza. Askari wa haki, aina ile anayoicheza binti yangu, akitenda uovu kwa kujua na kwa hiari yake alivuliwa hadhi yake milele. Kila upande ulikuwa hata na lugha yake ya siri, na ukihama upande unaisahau lugha hiyo.

Yaani kwa upande wa wachezaji, mchezo ulisema waziwazi: tutakupima kwa matendo yako. Ulichoandika kwenye karatasi ni ahadi tu.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Miaka hiyo hiyo ya 1980, baadhi ya wazazi na wahubiri wa Marekani waliushambulia mchezo huu kwamba unawafundisha watoto ushetani. Mwaka 1985 kipindi mashuhuri cha televisheni, 60 Minutes, kiliujadili ubaya wake mbele ya taifa zima. Toleo la mwaka 1989 likayaondoa majina ya mashetani ili kutuliza upepo. Katika zogo lile wachache walitambua kwamba huu ulikuwa mchezo uliomtaka mtoto aandike kwa mkono wake kama anakusudia kuwa mwema au mwovu, kisha ukamdai hesabu.

Tatizo halisi lilikuwa kwingine, nalo lilikuwa mbele ya macho ya wote. Mchezaji alipimwa kwa matendo. Zimwi je? Zimwi lilipimwa kwa kitabu. Orodha ya viumbe ya mwaka 1977 ilimpa kila kiumbe upande wake. Orki: wa utaratibu, mwovu. Kabila zima, wazee kwa watoto, kwa mstari mmoja. Binadamu alichagua, orki alizaliwa nao. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mchezo ulikuwa na jamii nyingine ya viumbe, drow, wenye ngozi nyeusi ti, nao walielezwa kuwa ni watu waovu. Nadhani msomaji wangu hahitaji kufafanuliwa jinsi habari hiyo inavyosomeka ukiwa umekaa Manzese au Kariakoo.

Basi kila mahali mchezo ulipochezwa, kesi ya Jumapili yangu ilitokea. Wachezaji wameshinda vita, wameingia pangoni, wamekuta mama na watoto. Askari wa haki afanyeje?

Mwaka 2005, Gygax akiwa mzee, wachezaji walimpelekea swali la namna hiyo. Jibu lake lilikuwa kwamba askari wa haki anaweza kuwaua, na katika kutetea hoja yake aliukumbuka msemo unaonasibishwa na Kanali John Chivington: mayai ya chawa ndiyo chawa.

Chivington huyo si mtu wa hadithi. Tarehe 29 Novemba 1864, huko Sand Creek katika Colorado, aliongoza askari wake kuivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho walioamini kwamba wako katika amani. Bendera ya Marekani ilikuwa ikipepea juu ya kambi. Waliuawa watu zaidi ya 150, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Sitaki kumwonea marehemu. Gygax alikuwa akieleza kanuni za dunia ya kubuni, ambamo uovu ni kitu halisi kama moto, na hakuna popote aliposema kwamba watu wa kweli watendewe hivyo. Lakini tazama hoja ilivyomfikisha. Alianza mwaka 1971 na sare za vinyago. Miaka 34 baadaye, ili kuitetea sare ile ikiwa imevalishwa mtoto mgongoni mwa mama yake, hakupata msemo mwingine wa kuazima isipokuwa wa mtu wa Sand Creek.

Nami nafanya kazi redioni, kwa hiyo msemo ule ulinichoma mahali pangu. Mwaka 1994 redio moja ya Rwanda, RTLM, ilikuwa ikiwaita watu mende. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri mmoja wa gazeti. Mchezo wa mezani si mauaji, na vijana wangu hawajamdhuru hata sisimizi. Ila lugha ni ile ile: kwanza mtu anaondolewa katika watu, anaingizwa katika wadudu, na baada ya hapo umri wake haujalishi.

Wapo waliolitambua tatizo hili mapema. Mchezo wa RuneQuest ulipotoka mwaka 1978 haukuwa na vyumba vya maadili kabisa. Mwaka 1985 Greg Stafford alitoa mchezo wa Pendragon, juu ya mashujaa wa Mfalme Arthur, ambamo kila shujaa ana jozi 13 za tabia, kama vile rehema na ukatili, ukweli na uongo. Kila jozi ni mizani: upande mmoja ukipanda, mwingine hushuka, na kinachoipandisha ni matendo. Ukisamehe mara nyingi unakuwa mwenye kusamehe, hata kama hukupanga.

Dungeons & Dragons wenyewe uliendelea taratibu. TSR ilinunuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1997. Toleo la mwaka 2008, mwaka ule ule Gygax alipofariki, lilipunguza vyumba hadi 5, kimoja kikiwa cha asiyefungamana na upande wowote. Toleo la mwaka 2014 lilivirudisha vyote 9, lakini bila meno: karibu hakuna adhabu iliyobaki. Mwezi Juni 2020, Marekani ikiwa inaungua kwa maandamano ya kudai haki za watu weusi, kampuni ilikiri hadharani kwamba maelezo ya orki na drow katika vitabu vyake yalifanana mno na jinsi makabila ya kweli yalivyokuwa yakitukanwa, na yanavyotukanwa. Mwaka 2021 ikayafuta maelezo yaliyokuwa yakitaja upande wa kimaadili wa jamii ambazo mchezaji anaweza kuchagua. Na katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024, miaka 50 tangu kisanduku cha kwanza, orki ni mmoja wa jamii 10 ambazo mchezaji anaweza kuwa. Yule aliyekuwa wa kuuawa pangoni sasa amekaa mezani na dadu mkononi.

Si wote waliofurahi. Wapo wachezaji wa zamani wanaolalamika kwamba mchezo umekuwa laini, na kwamba mtu aliyechoka na kazi anataka adui wa kumpiga bila kuumiza kichwa. Siwadharau. Hata sisi fisi wetu wa hadithi ni mlafi tangu ukurasa wa kwanza, na hakuna mtoto aliyewahi kuuliza fisi huyo alilelewaje. Hadithi huhitaji njia za mkato. Hatari huanza pale njia ya mkato inapotoka kwenye hadithi ikaingia mtaani, na mtaani kwetu imeingia siku nyingi.

Katika chuo cha uandishi wa habari tulifundishwa neno moja ambalo niliwahi kuliona la kipuuzi: mtuhumiwa. Kijana amekamatwa, umati unapiga kelele, kila mtu anajua ni mwizi, kwa nini mimi niseme mtuhumiwa? Nilipokuwa mgeni kazini niliwahi kumtaja mmoja kwa jina la "kibaka" hewani, kabla hajafika hata kituoni. Kosa lake halikupatikana, akaachiwa, lakini sikupewa nafasi ya kulirudisha lile neno kutoka katika masikio ya watu. Nilikuwa nimemwandikia upande wake kabla ya kuuliza alitenda nini.

Basi Jumapili ile, baada ya kuvua viatu na kufikiri, nilirudi mezani nikatoa hukumu yangu. Niliwaambia kitabu kimewaeleza zimwi lile ni la kabila gani, lakini hakikuwaeleza limefanya nini. "Limewaibia nani? Limemuua nani?" Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Walikuwa wamelikuta njiani.

"Na likirudi usiku na wenzake, baba mdogo?" akauliza yule wa mtoto wa nyoka, ambaye kwa heshima naye ameshaniita baba mdogo.

Nikamjibu: "Hapo mtapigana nalo, kwa lile litakalokuwa limetenda usiku huo."

Binti akalirudishia zimwi silaha zake, jambo ambalo hata mimi niliona limezidi. Mtoto wa kaka akarusha dadu nyuma ya kitabu chake, akaangalia, akaandika kitu, akatabasamu. Nilimuuliza imekuwaje. Akasema nisubiri Jumapili ijayo, kama wao.